Jina la Mama Yake Rodel

Asubuhi ile Ciakuthii aliamka kabla ya mumewe Ndambiri kama siku zote, akawasha moto, akabandika chai. Ndambiri alikuwa bado kitandani, akimsikia akigombana na kuku mmoja aliyekuwa ameanza kutagia ndani ya gunia la majani ya ng'ombe.

"Wewe umejengewa nyumba yako, unaenda kulala kwa jirani. Una adabu kweli?"

Ndambiri akavaa gambuti, akaenda kukamua. Aliporudi na maziwa alimkuta mkewe ameketi kwenye kigoda, mjukuu wao amepiga magoti mbele yake, anasukwa. Nywele za mtoto huyu ni laini, zinateleza. Ukizisuka hivi hivi, akifika shuleni zimefumuka. Ciakuthii alikuwa akizisuka pamoja na uzi mweusi wa kufumia sweta, ndipo zinakaa.

"Mkwe, inamisha kichwa."

"Unavuta, cucu."

"Sivuti. Ni uzi unavuta. Mimi nitamvutaje mkwe wangu nywele?"

Mtoto akacheka, akainamisha kichwa.

Wakanywa chai. Ciakuthii akasema chumvi ya ng'ombe imeisha. Ndambiri akasema ataileta. Basi, hayo ndiyo maneno. Akachukua mkebe wa maziwa, akatoka na mtoto, wakaachana pale njia inapogawanyika, mmoja akaenda shuleni, mwingine akaenda kituo cha maziwa. Hakuangalia nyuma. Mtu haangalii nyuma kila akipeleka maziwa.

Aliporudi na chumvi begani aliita, hakuitikiwa. Alimpata katikati ya kahawa, amelala ubavu, panga la kukatia machipukizi bado liko mkononi. Uso ulikuwa wa mtu aliyepumzika. Daktari alisema ni presha. Ndambiri alilisikia neno hilo kama mtu anayesikia redio ya jirani, haimhusu.

Hakulia. Watu wa kijiji chao cha Kanja walikuja, wakaimba, wakapika, wakachimba, wakazika. Wanawake wa kanisa walimshika mkono wakamwambia, "Lia, mzee, itakusaidia." Akawajibu, "Nitalia," kama mtu aliyeombwa apasue kuni naye ana kazi nyingine mkononi. Alikula alichopewa. Hakujua kilikuwa chakula gani.

Baada ya mazishi jamaa walibaki wakaketi sebuleni, maana lilikuwepo jambo la mtoto. Mama yake, Kawira, ndiye mtoto pekee ambaye Ndambiri na Ciakuthii walijaliwa. Anapika katika jiko la shule moja kule Kaaga, Meru mjini, na mtoto alikuwa akilelewa hapa na nyanya yake. Sasa nyanya hayuko. Kila mtu alikubali kwamba mtoto aende na mama yake. Hilo halikuwa na ubishi.

Ubishi aliuleta Njuki, mdogo wake Ndambiri.

"Kaka," alisema, "mimi nina neno, na si baya. Huyu mtoto anaenda shule mpya, mahali hakuna anayemjua. Aende na jina jipya. Aitwe Ciakuthii. Marehemu ameondoka bila kuacha mtu wa jina lake. Huyu ndiye mjukuu peke yake. Hilo jina la Kichina tuliache hapa."

Watu wakatikisa vichwa, wakasema ni neno zuri. Wakamwangalia Ndambiri, kwa sababu yeye ndiye mwenye boma na ni yeye wa kusema ndiyo au hapana.

Ndambiri alikuwa anafikiria jambo moja tu. Kwa Waembu, mtu akiitwa jina lako, wewe hujaisha. Mzee ambaye mjukuu wake ana jina la mke wake humwita huyo mtoto "mke wangu", wakataniana, watu wakacheka. Alifikiria kusimama mlangoni jioni na kuita, "Ciakuthii!" na mtu aitike. Mtu yeyote. Tangu siku ile ya kahawa alikuwa hajataka kitu kingine chochote. Hili alilitaka. Na lilikuwa hapo mbele yake, limeletwa kwenye sinia na ndugu zake, akiombwa tu anyooshe mkono.

Ni lazima isemwe huyu Ciakuthii alikuwa nani.

Hakuwa mtu wa huku juu. Alizaliwa Mbeere, kule chini kwenye jua, kwenye mbuzi na mawele, ambako mtu akiona wingu humwita jirani aje alione. Ndambiri alimwona mara ya kwanza sokoni, akiuza asali kwenye kibuyu, akimfukuza mteja aliyetia kidole. Alimpenda kwa sababu ya vile alivyomfukuza. Walipooana akamleta Kanja, kwenye baridi na migomba, na watu wa Kanja wakamwangalia kama wanavyowaangalia watu wa chini.

Mama yake Ndambiri hakumwita kwa jina. Alimwita Kambeere, yaani kale kajitu ka Mbeere. "Kambeere, leta maji." "Kambeere huyu hajui kupika ndizi, kwao wanakula vumbi." Haikuwa kwa ukali, na hilo ndilo lililokuwa baya, kwamba haikuwa kwa ukali. Lilikuwa ndilo jina. Wanawake wengine wakalichukua, watoto wakalichukua. Kawira alipozaliwa kuna watu waliomwita mtoto wa Kambeere. Ciakuthii aliitika miaka mingi. Hakugombana na mama mkwe wake hata siku moja, na alimwosha alipokuwa mgonjwa wa kitandani, mpaka akafa akimwita Kambeere.

Siku moja Ndambiri alimuuliza kama lilimuuma. Akasema, "Ukiitwa kitu miaka mingi unaanza kufanana nacho." Kisha akaenda kuchota maji.

Barabara ilikuja wakati Kawira ameshakuwa msichana mkubwa. Kampuni ilitoka ng'ambo, ikajenga kambi ya mabati upande wa chini, ikaleta greda na matingatinga na watu ambao Kanja ilikuwa haijawahi kuwaona kwa karibu. Watu hawakujisumbua. Wote wakawa Wachina. Watoto walikimbia kando ya lori wakipiga kelele, "Ching-chong! Ching-chong!" wakivuta kona za macho kwa vidole. Watu wazima walicheka. Wale wageni wengine walipunga mkono. Wengine waliangalia mbele.

Kawira alifungua kibanda cha chai na maandazi mbele ya geti la kambi. Baada ya muda mama yake aliona kwamba Jumapili kanisani kuna mmoja wa wale wageni anakaa kiti cha nyuma yao, anapiga ishara ya msalaba vizuri kuliko Njuki, na Kawira hageuki kumwangalia hata kidogo. Msichana asiyegeuka kabisa, mama yake anajua. Baada ya muda tena, Kawira alimwambia mama yake kwamba ana mimba.

Ndambiri aliambiwa akiwa zizini.

"Ya nani?"

"Ya Rodel," Ciakuthii akasema. "Fundi wa magreda."

"Mchina?"

"Ana jina. Vaa koti, twende tukamwone."

Kwenye geti palikuwa na askari, Kathuri, mtu mnene mwenye rungu.

"Mnataka nani, wazee?"

"Rodel," Ciakuthii akasema.

"Ni Mchina yupi huyo?" Kathuri akacheka. "Mama, hawa wote ni sawa. Nikimsalimia mmoja asubuhi, jioni namuuliza kazi ilikuwaje, kumbe ni mwingine."

"Wewe ni mtu wa wapi?"

"Mimi? Laare."

"Embu hii hii?"

"Laare iko Embu?" Kathuri aliuliza kama ametukanwa. "Laare ni Meru, mama. Na si Meru yoyote. Mimi ni Mwigembe."

"Haya, Mwigembe. Kumbe unajua kutofautisha watu. Nenda uniitie Rodel."

Kathuri alimwangalia Ndambiri kama anayeomba msaada, Ndambiri akaangalia greda. Kathuri akaenda.

Rodel alikuja akijifuta grisi mikononi kwa kitambaa. Alikuwa kijana mfupi, mpole wa macho. Nyuma yake alifuata mzee mwenye mvi, mgeni pia. Ciakuthii alipomwona yule mzee alishtuka. Alisema moyoni, huyu ni baba yake, au baba mdogo, huyu ni mkwe. Na kwa desturi, mkwe hakutwi hivi hivi njiani. Alivuta leso juu ya kichwa, akainamisha uso, akatoka kwenye njia akasimama kwenye nyasi ili mkwe apite bila kuonana naye ana kwa ana. Ndambiri alipoona hivyo akavua kofia, naye akaingia kwenye nyasi.

Yule mzee akasimama. Akaangalia nyuma yake aone ni nani anayepewa heshima hiyo. Hakukuwa na mtu. Akamwangalia Rodel, Rodel akawaangalia wazee, na Kathuri pale getini akashika tumbo.

"Mama," Rodel akasema kwa Kiswahili chake cha kambini, "huyu si wangu. Huyu Bwana Liu, msimamizi. Anataka ufunguo wa stoo. Yeye Mchina. Mimi Mfilipino. Baba yangu alikufa zamani. Kwao na kwetu, bahari iko katikati."

Ciakuthii alibaki kwenye nyasi, leso usoni, mabega yakitikisika. Ndambiri alidhani analia. Kumbe alikuwa anacheka, na aliposhusha leso uso ulikuwa umeiva kwa aibu. Alitoka kwenye nyasi, akampa Bwana Liu mkono, akamwambia, "Nisamehe, mzee. Nilikuchukua kwa ukoo usio wako." Rodel akamweleza. Bwana Liu akainama kidogo, akapewa ufunguo, akaenda na kazi zake.

Wakati wa kurudi Ciakuthii alisimama darajani.

"Nimemwona mvi na macho, nikamfanya mkwe," akasema. "Hata sikumuuliza yeye ni nani."

"Ulimheshimu," Ndambiri akasema.

"Sikumheshimu yeye. Niliheshimu mtu wa kichwani mwangu." Wakatembea. "Ulipokuwa kibarua Thika walikuwa wanakuitaje?"

"Mkikuyu."

"Ukaitika?"

"Mwanzoni nilikuwa nawaambia mimi ni Mwembu. Wakasema ni kitu kimoja."

"Na ni kitu kimoja?"

Ndambiri alitema mate, na jibu likajulikana.

Tangu siku hiyo Ciakuthii alianza kazi ambayo hakuna aliyempa. Alipita mbele ya kibanda cha Kawira akiuliza. Huyu anatoka wapi? Yule je? Anaitwaje na mama yake? Alijua kwamba Bwana Liu ni Mchina wa mji wenye baridi kushinda Kanja, kwamba yule mrefu wa mitambo ya lami ni Mkorea na hapendi chai ya maziwa, kwamba wako Wafilipino watatu na mmoja wao ana mapacha kwao. Watu walimwona ni mzee mwenye udaku. Njuki alimwambia siku moja, "Mama Kawira, kwani Mchina ni tusi?"

"Si tusi. Bwana Liu ni Mchina, nikimwita hivyo anaitika, na tunasalimiana vizuri. Lakini wewe unamwita Rodel Mchina. Unamwita yule Mkorea Mchina. Hata simu yako ikizima unasema ni Mchina."

"Si ni mchina kweli, hiyo simu?"

"Nunua nyingine basi, uache watu."

Rodel alileta mbuzi wa posa. Hakuwa na wazee wake huku, kwa hiyo alikuja na Bwana Liu na Kathuri, mmoja aliyekuwa na umri na mwingine aliyejua njia. Kathuri ndiye aliyeongea, na aliongea sana, akamsifu Rodel mpaka Rodel akamvuta shati. Bwana Liu aliketi wima, akapewa kiti kizuri na nyama ya mbavu, akala kwa heshima, akalala kidogo akiwa amekaa. Mambo ya desturi hayakumalizika siku hiyo. Lakini mbuzi alipokelewa. Mtu asije akasema hakupokelewa.

Mtoto alizaliwa mdogo, akikohoa. Watu walikuja kumwona, Ciakuthii akapika njahi, yale maharagwe meusi, kwa ajili ya mzazi na wageni. Njuki alimwinamia mtoto, akasema kwa sauti ya kusikika nyumba nzima, "Haya, tuombe Mungu. Vitu vya China mnavijua wenyewe. Havina garanti."

Watu wakacheka. Ciakuthii alikuwa anapakua. Alipakua sahani zote, akaacha ya Njuki tupu, akaenda kuketi.

"Na mimi, Mama Kawira?"

"Wewe ngoja. Nataka usikie vizuri kabla ya kutafuna. Garanti ya huyu mtoto ni mimi. Akiharibika niletee."

Kisha akainuka, akampakulia nyingi kuliko wengine wote, na Njuki akala akiangalia sahani.

Ndipo ikaja habari ya jina. Kwa Waembu msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake. Wa pili ndiye huchukua la mama ya mama. Ikiwa baba hajulikani, au hakuja, mtoto ni wa kwao mama, na nyanya wa upande huo ndiye huzaliwa upya. Ndambiri hakuwa na shaka hata kidogo. Ndoa haikuwa imekamilika. Baba ni mtu wa kambini, kesho hayuko. Mtoto angeitwa Ciakuthii. Alikuwa ameanza kumwita hivyo kimya kimya, akiwa peke yake na ng'ombe.

"Mbuzi tulimla," Ciakuthii akasema. "Aliyeleta mbuzi ana mama."

"Mama yuko ng'ambo. Hata hatajua."

"Mtoto ana nyanya wawili. Mmoja ni mimi, ninaonekana. Mwingine haonekani, kwa hiyo hana jina? Ni mama wa Mchina tu?"

Alimfanya Rodel apige simu. Ilikuwa mchana hapa na jioni huko. Rodel alisema na mama yake kwa lugha yao, akasema tena, kisha akawageukia.

"Jina lake Ligaya. Maana yake furaha. Nimemwambia. Analia."

"Nipe," Ciakuthii akasema.

Akachukua simu akasema Kiembu. Upande wa pili mama yule akajibu kwa lugha yake. Ndambiri aliwasikiliza kwa muda mrefu sana. Mmoja anasema, mwingine anangoja amalize, halafu anasema. Walicheka mahali pamoja mara mbili. Ciakuthii alipomrudishia Rodel simu Ndambiri alimuuliza walikuwa wanasema nini.

"Habari za watoto," akasema. "Ana magoti kama yangu."

"Umejuaje?"

"Nimejua."

Hivyo mtoto akawa Ligaya, ingawa midomo mingi ya Kanja ilimfanya Rigaya. Na kwa kuwa alikuwa na jina la mama wa Rodel, kwa Ciakuthii alikuwa mkwe. Alimwita mkwe tangu akiwa kwenye nepi. Hakumpiga hata siku moja, maana mkwe hapigwi. Mtoto akimwaga maziwa, Ciakuthii alisema, "Mkwe amemwaga maziwa," kwa sauti ya mtu anayeripoti jambo la kusikitisha kanisani. Mtoto alikua akidhani nyanya wote hufanya hivyo.

Barabara iliisha, kampuni ikachukua mitambo ikaenda nchi nyingine, Rodel akaenda na mitambo. Hupiga simu Jumapili. Watu humwita baba wa simu. Kawira akapata kazi Kaaga. Na mtoto akaanza shule, akaanza kusikia. Ching-chong, Ka-Mchina, macho madogo. Siku moja pale stendi ya boda boda kijana mmoja aitwaye Mbaka aliita, "Ka-Mchina, panda nikupeleke Beijing!" Ciakuthii alikuwa na mtungi kichwani. Aliuweka chini.

"Mbaka. Jina la Mbaka ulipewa na nani?"

"Ni la babu yangu, cucu."

"Babu yako alikuwa mtu mzuri. Alinipa mbegu ya njugu nikiwa mgeni huku. Ningekuita wewe Kapikipiki, babu yako angesikiaje huko aliko?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mbaka akakuna kichwa.

"Na huyu anaitwa jina la nyanya yake," Ciakuthii akasema. "Yuko Ufilipino, ana magoti mabaya, na ni mkwe wangu. Muite."

"Ligaya," Mbaka akasema.

"Sasa mpeleke shuleni, amechelewa."

Akampeleka. Tangu siku hiyo alimwita Ligaya, na akawafokea wengine waliokosea. Lakini Mbaka ni mmoja, na Kanja ni kubwa.

Hayo yote Ndambiri alikuwa nayo pale sebuleni, ingawa hakuyafikiria kwa mpango. Yalikuwa tu yamekaa ndani yake, kama vyombo vilivyowekwa ndani ya nyumba ambayo taa imezimwa.

"Kawira," akasema, "wewe unasemaje?"

Kawira alikuwa ameketi karibu na mlango, kitambaa cheusi kichwani.

"Baba, mimi nimechoka kujibu. Kule Kaaga nikionyesha picha yake wananiuliza, Ligaya ni jina la wapi? Baba yake ni Mchina? Nikisema hapana wanasema, hao si ni wamoja? Kila siku. Akiitwa Ciakuthii, pengine watatuacha. Na mimi nitakuwa na mama."

"Umesikia," Njuki akasema. Hakusema kwa dhihaka. Siku hiyo hakuwa na mzaha, macho yake yalikuwa mekundu, maana naye alimlilia Ciakuthii kuliko watu wengi. "Kaka, uso hatuwezi kuubadilisha. Jina tunaweza."

"Uso una nini?" Ndambiri akauliza.

"Hauna kitu. Nasema tu."

"Uso ni wake. Na hata akiitwa Ciakuthii, huko Kaaga watamwita Mchina aitwaye Ciakuthii." Alikuwa hajasema maneno mengi hivyo tangu mkewe afe, na kila moja lilitoka zito kama jiwe la kuchimbua. "Yule mama kule tulimpigia simu. Alilia kwa sababu tulimpa mtoto. Sasa nimpigie tena nimwambie nini? Kwamba tumemtoa?"

Ndambiri alitaka sana wamshinde. Alingoja mmoja wao aseme kitu cha kumshinda, aweze kusema sawa, mmenishinda. Nje mtoto alikuwa anacheza na watoto wa Njuki, na mmoja wao akaita, "Ligaya, rusha!"

"Mtoto ataenda Kaaga na jina lake," Ndambiri akasema. "Kawira, wakikuuliza ni la wapi, waambie ni la Ufilipino, la mama ya baba yake. Wakiuliza tena waambie tena. Ukichoka nipigie simu, nitakuja niwaambie mimi."

Kawira aliinamisha kichwa. Kisha akasema, "Sawa, baba."

Njuki aliegemea mbele, viwiko magotini.

"Kaka, sikupingi. Lakini jina la mke wako je? Alikaa hapa miaka yote hii, huyu mama. Alitulea hata sisi. Liishe hivyo tu?"

Swali hilo Ndambiri alilijua. Alikuwa amemuuliza Ciakuthii mwenyewe, jioni ya siku ile ya simu, kwa hasira, wakati mkewe anachambua njahi kwenye ungo. Hakuinua macho kwenye ungo alipomjibu. Ndambiri aliwaambia ndugu zake jibu lake kama alivyolisema, hakuongeza wala kupunguza:

"Jina langu utalitumia wewe. La huyo mama, tusipompa mtoto, huku kwetu nani atalitumia?"